Mchicha uondoke kabla bomba la dawa halijaingia: kuchanganya mboga za majani na nyanya huku Dodoma

Nyanya hudai fedha miezi miwili kabla haijakupa hata sado moja, ile ndoo ndogo ya kupimia. Mbegu, samadi, mafuta ya pampu, vijiti, kamba, kibarua wa kupalilia, vyote hivyo vinalipwa wakati mti bado hauna hata ua. Mimi nalima Hombolo, kando ya korongo, bustani ya robo eka. Kinachoniwezesha kufika kwenye mavuno bila kukopa ni mchicha ninaoupanda humo humo kwenye majaruba, yaani vitanda, ya nyanya, nikauvuna na kuuuza kabla nyanya haijaanza kutumia nafasi yake. Mchicha ndio unaonunua mafuta ya pampu.

Wanaokuja kuniuliza huanza na vipimo: sentimita ngapi kutoka mche hadi mche, mistari mingapi. Vipimo nitavieleza, lakini kubwa kuliko vyote ni siku. Mboga ya majani ndani ya nyanya ni mgeni, na mgeni huyu tunamjua tarehe yake ya kuondoka hata kabla hajafika: ni siku ile bomba la dawa linapoingia shambani. Siku hiyo ikifika, pasiwe na jani hata moja la kuliwa chini ya nyanya. Mtu akiona sharti hili ni gumu, namshauri apande nyanya peke yake na mchicha peke yake, tena mbalimbali.

Kwa nini bomba ndilo linalopanga siku

Kanitangaze alipoingia Tanzania mwaka 2014, kilimo cha nyanya kilibadilika. Ni nondo mdogo wa kijivu. Hutaga mayai kwenye majani, hasa upande wa chini, na kiwavi akianguliwa hupenya kati ya ngozi mbili za jani na kula nyama iliyomo. Chuma jani lenye dalili, linyanyue juani ulitazame kwa kupenyeza mwanga. Utaona baka jeupe limebaki ngozi tupu, ndani yake kuna vinyesi vyeusi, na ukitulia utamwona kiwavi mwenyewe, kijani hafifu, kichwa cheusi, anajikunjakunja. Baadaye huyo huyo hutoboa matunda. Ukimwongeza nzi mweupe anayeleta virusi vya kukunja majani, ugonjwa ambao wakulima wengi tunauita rasta, na utitiri mwekundu wa kiangazi, utaelewa kwa nini ni vigumu kumkuta mkulima wa nyanya asiyekuwa na bomba nyumbani.

Sasa mfikirie mchicha ulio chini ya mti huo. Dawa yote inayochuruzika kutoka kwenye nyanya inaishia juu yake. Kwenye lebo ya chupa kumeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na wengi wanadhani wakizihesabu hizo basi wamemaliza. Siku hizo zimepimwa kwa zao lililotajwa pale kwenye lebo. Kama ni nyanya, zimepimwa kwa tunda lenye ngozi inayoteleza, ambalo mtu analiosha na mara nyingi kulimenya. Mchicha ni jani. Pale dawa ilipotua ndipo panapoliwa, na kilo moja ya majani ina uso mpana mno kuliko kilo moja ya nyanya. Lebo iliyosema siku 7 kwa nyanya haijasema chochote kuhusu mchicha wako.

Mboga zangu nauza soko la Sabasaba. Kuna mama mmoja, mteja wangu wa muda mrefu, hulishika fungu, akalinusa, kisha akaniuliza, "Dada, hii haijapigwa dawa?" Nataka nimjibu huku namtazama machoni. Mboga hiyo itapikwa jioni ile ile, na kuna nyumba itapondwa kwenye bakuli la mtoto aliyeanza kula juzi. Tangu Serikali ihamie huku na mji wetu kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, wanunuzi wa mboga wameongezeka sana, na wengi wao hawajui shamba lilipo wala hawana namna ya kulijua. Wanatuamini sisi. Kwa hiyo suala hili silifanyii mzaha hata kidogo.

Msimu

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima huwa milimita 500 hadi 600 hivi. Nyanya ya masika huku inaliwa na ukungu na baka jani. Inawezekana, ila utaingia na bomba mapema mno, kwa hiyo haifai kwa mpango huu wa kuchanganya.

Mimi nasia kitalu cha nyanya mwishoni mwa Machi, miche ikaingia jarubani mwishoni mwa Aprili mvua zikiwa zinaaga. Faida yake ni kwamba mchicha unaota Aprili, ardhi ikiwa bado ina joto na unyevu, na nyanya inakuja kutoa maua baridi ya Juni ikiwa imeingia. Mchicha ni mboga ya joto. Ukiusia Juni au Julai, upepo wa baridi wa huku unaudumaza, na badala ya wiki nne unaweza kwenda hadi wiki tano au zaidi. Hapo hesabu yote ya siku inavurugika.

Anayetaka kupanda awamu ya pili, Agosti hivi, ajipange kwa upepo. Upepo wa Agosti hadi Oktoba unabeba vumbi na unakausha jaruba asubuhi moja. Panda mistari miwili ya mtama au mahindi upande upepo unakotokea, mwezi mmoja na nusu kabla, ili ukuta uwe umesimama miche inapohamishwa.

Jaruba na vipimo

Wakati wa mvua tunainua sesa, yaani tuta pana, ili maji yatoke. Kiangazi tunafanya kinyume chake, tunachimba jaruba, kitanda kilichozama chini ya usawa wa njia, ili kila tone lililomwagwa libaki pale pale. Kwenye udongo wetu wa kichanga, jaruba lililozama sentimita 10 hadi 15 linatosha. Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, usiuzamishe sana, maji yatasimama na mizizi ya nyanya itakosa hewa.

Jaruba langu lina upana wa mita 1 na sentimita 20, na urefu wa mita 10. Njia kati ya jaruba na jaruba ni nusu mita. Nyanya naweka mistari miwili, kila mmoja sentimita 20 kutoka ukingoni, kwa hiyo kati ya mstari na mstari panabaki sentimita 80. Mche hadi mche sentimita 60. Jaruba moja linachukua miche 32 hivi.

Pale katikati, kwenye zile sentimita 80, ndipo mchicha unapokaa: mistari mitatu iliyoachana sentimita 15. Mistari hiyo inachukua ukanda wa sentimita 30, na kila upande panabaki sentimita 25 kabla ya kufika kwenye shina la nyanya. Hizo 25 usiziguse. Watu wakiona pako wazi hutamani kuongeza mstari wa nne, na mche wa nyanya unaanza maisha yake ukigombania maji na mboga inayokua haraka kuliko yenyewe. Kwa mpangilio huu idadi ya nyanya haipungui. Ni ile ile ambayo ungeipanda bila mchicha. Na kwa kuwa nyanya ziko pembeni, unazihudumia ukiwa njiani, hukanyagi ndani.

Samadi huku kwetu haina shida, ng'ombe wapo. Ila iwe imeoza vizuri, nyeusi, imepoa, isiyonuka mkojo. Naweka debe moja kwa kila mita 3 za mraba, yaani madebe manne kwa jaruba, nachanganya na udongo kwa kina cha jembe. Kisha namwagilia na kuliacha wiki moja. Magugu yote yenye haraka yataota wiki hiyo, nayapalilia mara moja, na mchicha hauanzi maisha yake na vita. Ukiruka hatua hii utajuta wakati wa kupalilia mchicha mdogo kwa vidole.

Kalenda yenyewe

Nyanya hukaa kitaluni siku 25 hadi 30. Kitalu nakifunika kwa chandarua chenye matundu madogo kuzuia nzi weupe, maana mche ukiambukizwa rasta kitaluni hakuna dawa ya kuuponya. Siku 10 hadi 12 kabla ya kuhamisha miche, nasia mchicha jarubani. Kwa jaruba la mita 10 kijiko kimoja cha chai cha mbegu kinatosha. Mbegu ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo nachanganya na kikombe cha mchanga mkavu, nachora mifereji kwa kijiti, kina chake kisizidi nusu sentimita, namwaga kwa kupunguza, nafukia kwa kiganja. Juu yake nyasi nyepesi. Siku ya tatu hadi ya tano ukiona vichwa vyekundu vinachungulia, ondoa nyasi jioni ile ile, ukichelewa miche itakuwa mirefu na dhaifu.

Nyanya inapohamia, mchicha una majani manne au sita. Hamisha jioni. Kila shimo weka kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, changanya na udongo ili mizizi isikutane na mbolea uso kwa uso, panda, mwagilia. Mchicha uliotangulia unasaidia kidogo hapa: unakata upepo wa chini na kufunika udongo, na miche inashika bila kunyauka sana.

Sota, yule kiwavi mweusi anayekata miche usiku, hupenda wiki hii ya kwanza. Wengi huweka dawa ya chenga shimoni. Kwenye jaruba lenye mchicha usifanye hivyo, maana dawa nyingi za namna hiyo hunyonywa na mizizi, na mizizi ya mchicha iko jirani. Mimi naviringisha kipande cha gazeti kwenye shina, sentimita tatu juu ya udongo na tatu chini yake, na asubuhi nikikuta mche umekatwa nafukua kwa kidole pale pale. Sota huwa hajaenda mbali, utamkuta amejikunja.

Mchicha ukifikisha siku 24 hadi 28 tangu kusiwa, unang'olewa wote. Nyanya wakati huo ina wiki mbili na kidogo shambani, urefu wake kama sentimita 30, matawi bado hayajafika katikati. Hapo mchicha umemaliza kazi. Usisie tena. Najua kishawishi kilivyo, ukanda uko wazi, udongo mlaini, mbegu ipo. Lakini ukisia siku hiyo, mavuno ya pili yataangukia nyanya ikiwa na wiki sita, ina maua na vitunda, na huo ndio wakati kanitangaze anapokulazimisha kushika bomba. Utakuwa umejiweka mahali pa kuchagua kati ya nyanya zako na afya ya mteja wako.

Maji

Mchicha una mizizi ya juu juu, unataka maji kidogo kila siku. Nyanya iliyokwisha kushika inataka maji mengi yanayozama, kisha ipumzike siku mbili tatu, ili mizizi iyafuate chini. Mahitaji haya mawili yanagongana, na ndiyo sababu nyingine ya mchicha kuondoka mapema. Wiki mbili za mwanzo mche wa nyanya nao unataka maji kila siku, kwa hiyo hapo wanaelewana. Jaruba la mita 10 linakula ndoo tatu hadi nne za lita 20 kwa siku, alfajiri. Baada ya mchicha kutoka, badili mara moja: maji mara tatu kwa wiki, lakini ya kutosha kuzama kina cha mkono.

Usiyumbeyumbe. Nyanya inayopewa maji leo hadi kuzama kisha ikasahauliwa siku sita hupata kuoza kitako, lile doa jeusi la ngozi ngumu chini ya tunda. Chanzo chake ni upungufu wa kalisiamu kwenye tunda, na mara nyingi kalisiamu ipo udongoni ila haipandi kwa sababu maji hayapandi sawasawa.

Maji yetu ya visima mengi yana chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya jaruba na kingo za majani zinaungua, ni hiyo. Samadi zaidi inasaidia, na mara moja moja mwagilia kwa wingi kupita kawaida ili chumvi isukumwe chini. Maji ya kwenye mchanga wa korongo huwa na nafuu kuliko ya visima virefu hapa kwangu, na bustani za korongoni ndizo ninazoziona zikishamiri.

Mboga gani, na ipi usiithubutu

Mchicha ni wa kwanza kwa sababu unaondoka wote kwa mara moja. Figili ya majani nayo inakwenda kwa wiki nne, na inavumilia baridi kuliko mchicha, kwa hiyo anayepanda Juni aitumie hiyo.

Chainizi inawezekana kwa sharti. Ioteshe kitaluni, ihamishie jarubani wiki mbili kabla ya nyanya, mstari mmoja tu katikati, shina hadi shina sentimita 30. Ingawa watu wamezoea kuichuma majani ya chini kidogo kidogo kwa miezi, humu ndani utaikata shina zima wiki ya tano au ya sita. Sukuma wiki inakaa muda mrefu mno na majani yake ni mapana, ipeleke kwenye jaruba lake. Spinachi inavumilia maji ya chumvi kuliko nyingine, lakini nayo ni ya kukaa. Anayetaka aipande jaruba la pembeni lisilofikiwa na upepo wa bomba. Matembele usiyaweke kabisa. Yanatambaa, yanajishikiza mizizi kila kifundo, na kuyang'oa ni kung'oa na nyanya.

Majani ya kunde watu wa huku tunayapenda, ya kupika mabichi na ya kukausha kwa ajili ya kiangazi. Nimezuia moyo wangu kuyaweka ndani ya nyanya kwa sababu kunde huvuta vidukari na nzi weupe, na hushambuliwa na minyoo fundo ile ile inayotia vinundu mizizi ya nyanya. Mlenda unajiotea wenyewe na mvua. Ukiuona katikati ya mstari wa mchicha uache, uchumwe siku ile ile ya kung'oa.

Mnavu. Hapa naomba tusikilizane. Mnavu ni mboga nzuri, una soko, na una ladha ambayo mtu aliyekulia nayo haisahau. Lakini ni ndugu wa damu wa nyanya, ukoo mmoja na bilinganya, ngogwe, pilipili na viazi mviringo. Kanitangaze anaula, utitiri anaupenda, minyoo fundo inauingia, mnyauko wa bakteria unaupata. Ukiupanda ndani ya nyanya umewapa adui zako chakula cha kusubiria. Hata jaruba jirani usiuweke, na ule unaojiotea wenyewe ndani ya nyanya ung'oe ungali mdogo.

Giligilani ndiyo ninayoiruhusu kubaki, vishina vichache mwishoni mwa kila jaruba, si kwa ajili ya kuuza. Utafiti uliofanyika Brazili ulionyesha kwamba nyanya iliyochanganywa na giligilani hupata nzi weupe wachache zaidi. Maua yake madogo meupe pia huita wadudu wanaokula wadudu wenzao. Naiacha itoe maua, naivuna mbegu kwa msimu ujao.

Kung'oa bila kuijeruhi nyanya

Jioni ya kabla, mwagilia jaruba vizuri. Udongo mkavu ukishikilia mzizi wa mchicha, utanyanyua bonge zima na ndani yake mizizi ya nyanya imo. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, anza na mstari wa katikati. Shika shina chini kabisa karibu na udongo, tikisa kidogo, vuta kwenda juu, usivute kwa pembeni. Mistari miwili iliyo jirani na nyanya, mimi siing'oi kabisa. Naikata kwa kisu usawa wa udongo, mizizi ikabaki kuoza humo humo.

Mchicha wenye mizizi unakaa mbichi muda mrefu kuliko uliokatwa, kwa hiyo ule wa katikati ndio unaokwenda mjini, na uliokatwa nauuza hapa kijijini. Osha mizizi tu, usiloweke majani. Funga mafungu kwa kamba ya mgomba au katani, panga ndani ya kapu lililotandikwa gunia bichi, funika. Ukifika sokoni saa moja asubuhi mboga iko hai.

Baada ya mchicha kuondoka

Siku ile ile ya kung'oa, ipe nyanya mbolea ya CAN, kifuniko kimoja cha soda kwa kila mche, kwenye duara la sentimita 10 hadi 15 kutoka shinani, kisha maji. Mbolea ya kukuzia usiipe kabla ya hapo. Mchicha ungeinyakua yote, na samadi uliyoweka inautosha. Usizidishe pia: nyanya iliyoshiba mno naitrojeni hujaa majani ya kijani kibichi na kuchelewa kubeba. CAN ina kalisiamu ndani yake, ndiyo maana naipenda kuliko urea kwa nyanya.

Ule ukanda uliobaki wazi ufunike. Nyasi kavu, maganda ya karanga, pumba za mpunga zinazotoka Bahi, chochote kikavu. Weka tabaka jembamba la vidole viwili na ulikague kila wiki, kwani mchwa wa huku wakikuta nyasi nyingi kavu watahamia, na wakimaliza nyasi wataonja shina.

Aina ya mbegu ina maana yake hapa. Kuna nyanya fupi zinazotanuka, kama Tanya, inayojulikana sana nchini. Zitaufunika ukanda wa kati zenyewe ndani ya wiki chache. Nyanya ndefu za chotara, kama Anna F1, zinapanda juu na zinataka vijiti na kuondolewa machipukizi kila wiki. Kwa zile ndefu jaruba linabaki na mwanga kwa muda mrefu, na hapo ndipo kishawishi cha kusia tena mchicha huwa kikubwa. Jibu ni lile lile.

Kuanzia sasa una haki ya kuingia na bomba, lakini usikimbilie. Tundika mtego wa kanitangaze, ule wa beseni la maji yenye sabuni na chambo cha harufu juu yake, uhesabu nondo kila asubuhi. Majani yenye mabaka yachume, yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuache juani siku kadhaa. Miarobaini imejaa Dodoma, okota mbegu zake. Gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa kila lita ya maji, zilale usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, pulizia jioni kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Ikibidi dawa ya dukani, hakikisha imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, tazama rangi ya ukanda wa chini kwenye lebo, nyekundu ikiwa ndiyo sumu kali kuliko zote, na badilisha aina ya kiambato kila baada ya muda. Kanitangaze huizoea haraka dawa inayorudiwa. Vaa mavazi ya kujikinga, funga pua na mdomo, puliza upepo ukiwa umetulia. Jaruba za mboga zilizo upande upepo unakoelekea, zichume kwanza.

Mavuno ya nyanya huanza miezi miwili hadi miwili na nusu baada ya kuhamisha, kutegemea mbegu na baridi ya mwaka huo. Chuma zinapoanza kugeuka rangi kama unapeleka mbali, zikiiva kama unauza kwa sado hapa hapa.

Mwisho wa msimu, miti yote itolewe shambani, usiiache isimame imekauka na viwavi ndani. Ng'oa na mizizi, kung'uta udongo, ichunguze. Mizizi safi ni myembamba, inateleza vidoleni. Ukikuta ina vinundu vinundu, minyoo fundo imo, na mahali hapo pawekee alama. Robo eka yangu nimeigawa vipande vitatu kwa ajili hiyo: nyanya na mchicha wake kimoja, vitunguu cha pili, mahindi au mtama cha tatu, na nyanya hairudi pale ilipotoka mpaka mwaka wa tatu. Kipande chenye alama kinapewa mtama kwanza, na miti ya nyanya yenye vinundu naichoma, siitii kwenye mboji.